Iko Kavu

Fundi Lukeba alikuwa anakoroga sima, ile saruji ya kupaka kuta, mbele ya nyumba ya Waziri tangu asubuhi, na kila aliyepita kushuka ziwani alisimama kutazama. Sima siku hizo pale Rumonge ilikuwa inapatikana kwa kujuana. Waziri, mshonaji wa sokoni, alikuwa ameipata, na alitaka watu wajue kwamba ameipata. Alisimama pembeni na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akimwelekeza fundi kazi ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

"Paka mupaka hapa," alisema, akijigusa kiunoni. "Halafu juu ya sima tupige rangi ya mafuta. Kahawia. Kama nyumba za watu."

"Patron, huu ukuta iko na maji ndani," Lukeba akasema. Alikuwa Mkongo wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Ingefaa ikauke kwanza."

"Itakauka lini? Wakwe wanakuja dimanshi!"

Lukeba akahesabu siku zilizobaki kufika Jumapili, akachota sima, akaanza kupaka. Kazi ni kazi, na kwake nyumbani kulikuwa na vinywa vinavyosubiri.

Mariyamu, mke wa Waziri, alikuwa ndani akihamisha vyombo. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi, yale ya udongo uliokaushwa juani tu, na tangu ziwa lilipopanda likakataa kurudi mahali pake, ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa unanyonya maji kutoka chini. Haukuvuja. Ulilowa polepole, na mstari wa unyevu ulipanda kutoka kisiginoni hadi gotini, ukiacha juu yake unga mweupe uliorudi kila alipoufagia. Ukuta huo ulianzia sebuleni ukaenda hadi chumba cha Bi Hadija, mama yake Waziri. Mvua zilipoanza bibi alilalamika kwamba anaamka ubavu mmoja umekufa ganzi kwa baridi. Mariyamu akakivuta kitanda chake hadi katikati ya chumba. Kilikuwa kitanda cha kamba, cha zamani, na bibi mwenyewe alikuwa amekonda, kwa hiyo haikumpa shida yoyote.

Waziri hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Ila kuna jambo lilikuwa limemkaa rohoni. Siku ile mjomba wa kijana alipoleta neno la kwanza la posa, aliketi mkekani akaegemea ukuta kama mgeni yeyote wa heshima. Alipoinuka, mgongo wa kanzu yake nyeupe ulikuwa na doa la tope kubwa kama sinia. Aliaga kwa adabu tu. Wanawake waliokuwa uani ndio walioziba midomo kwa kanga zao. Waziri, mtu anayekula kwa kushona kanzu za watu, alimsindikiza mgeni wake hadi barabarani akitembea nyuma yake, makusudi, ili doa lile lisionekane na wapita njia. Tangu siku hiyo hakuutazama ukuta ule bila kukunja uso.

Na posa yenyewe haikuwa ya kuchezea. Kijana alikuwa Abdoulkarim wa Minago, mtoto wa Mbaraka mwenye mashine ya kukamua mawese. Sabrina, binti yao, alimtaka, na alikuwa anamtaka kwa muda mrefu kuliko wazazi wake walivyojua.

*

Rangi ilikuwa bado inanuka walipokuja wakaguzi.

Walikuwa wawili. Venanti, shefu wa kartie, mkuu wa mtaa ambaye kila mtu alimjua, na Ernestina, msichana wa mradi mmoja uliokuwa unapita nyumba kwa nyumba kukagua zilizoathirika na maji. Ernestina alikuwa na fimbo ya chuma na kopo la rangi nyekundu. Nyumba iliyolowa ilipigwa msalaba mwekundu, wenyewe wakahamia kwa muda kwenye mahema ya uwanja wa mpira, na mafundi wa mradi wakachimba mfereji kuizunguka. Kisha walitoa matofali ya chini, kipande kwa kipande, wakaweka mawe mahali pake. Yalikuwa mambo mazuri kwa kusikia. Lakini watu wa Rumonge walikuwa wameshaona misalaba myekundu miaka iliyopita, ile ya kubomolewa nyumba kandokando ya barabara, na hakuna aliyetaka kuona mwingine mlangoni kwake. Sembuse mtu anayesubiri wakwe.

"Amahoro, mama," Ernestina alisalimu.

"Amahoro. Karibuni."

Ernestina alizunguka nyumba, akarudi sebuleni, akagonga ukuta kwa vidole. Sima ilijibu kwa mlio mgumu, safi. Akainama, akanusa.

"Hii rangi ni ya lini?"

"Ya juzi," Waziri alijibu. "Nimekarabati."

"Muniruhusu nikwangue kidogo. Kama ukucha tu, nione ndani."

"Weye dada, wakwe zangu wanakuja dimanshi! Unikwangulie ukuta, niwaambie nini? Kwamba panya wamekula rangi?"

Venanti akacheka. "Umwache, Ernestina. Muzee anaoza mutoto."

Msichana hakucheka. Alikuwa amechoka, viatu vyake vizito kwa tope, na bado kulikuwa na nyumba nyingi mpaka chini ziwani. Akamwacha Waziri, akamgeukia Mariyamu.

"Mama, wewe ndiye unafagia hii nyumba. Niambie. Huu ukuta unalowa?"

Swali lilikuwa la kawaida, na liliulizwa kwa upole. Mariyamu alikuwa na jibu mdomoni. Lakini kabla ya kulitoa alimtazama mume wake, na mume wake hakuwa amekasirika, alikuwa anamwomba kwa macho. Nyuma ya pazia la jikoni aliuona mguu wa Sabrina, umesimama tuli.

"Hapana," Mariyamu akasema. "Iko kavu."

Ernestina alimtazama kidogo zaidi ya inavyostahili. Kisha akafunika kopo lake, akashukuru, murakoze, akatoka.

Chumbani, nyuma ya pazia la mlango, Bi Hadija alikohoa. Mariyamu alipoingia, alimkuta ameketi kitandani na tasbihi mkononi.

"Mwanangu, yule mutoto wa watu ulimudanganyia nini?"

"Ni kwa ajili ya Sabrina, mama. Harusi ikipita tutawaita wenyewe, waje na mawe yao."

Bibi alifikiri. Alimpenda Sabrina kuliko alivyowapenda watoto wake wa kuzaa, na hakuficha. "Kama ni ya Sabrina, haya," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Siku moja kabla ya wageni, chumba cha bibi kilihitajika kwa masufuria na sahani za kuazima. Mariyamu aliingia na ndoo ya maji mkono wa kushoto. Hakuitua. Kwa mkono wa kulia alikisukuma kitanda cha kamba kikarudi ukutani, pale pale kilipokuwa zamani, na bibi juu yake.

"Sasa ukuta iko mzuri, mama," alisema. "Hautakufanyia baridi tena."

Na kweli, hakukuwa na baridi tena. Bibi mwenyewe alisifu.

*

Posa ilikwenda vizuri kupita walivyoomba. Wageni walifika na vitenge, sukari na ndoo za mawese, wakaketi wote kando ya ukuta, migongo imeegemea mkanda wa kahawia unaong'aa, na walipoinuka kwenda kunawa Waziri aliwatazama migongoni mmoja mmoja. Yote safi. Mariyamu alimwona akishusha pumzi, akamwonea huruma na kumpenda kwa wakati mmoja.

Baada ya chakula Mbaraka, baba wa kijana, alipapasa ukuta kwa kiganja chake kipana.

"Mukwe, unieleze siri yako. Nyinyi muko karibu na ziwa kuliko sisi, na ukuta wenu iko kama sahani. Wetu kule Minago unalowa mupaka aibu. Mumefanya nini?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema neno. Palikuwa mahali pa kucheka hata, kwa sababu mwenzako ameshavua nguo mbele yako na kusema na kwake kunalowa. Waziri angeweza kusema, mukwe, tuko wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Lakini mtu aliyeaibika kwa doa haachii sifa iliyokuja yenyewe mkononi.

"Sima na rangi ya mafuta," alisema Waziri. "Basi. Maji yakiona hivyo yanarudi yalikotoka."

Watu wakacheka. Mariyamu naye akacheka, akiwa ameshika birika la chai. Posa ikakubaliwa, Sabrina akapigiwa vigelegele, na Bi Hadija aliletwa sebuleni akaimba ubeti wa zamani ambao hakuna mwingine aliyeukumbuka.

*

Ukuta ulianguka alasiri moja, wiki kadhaa baada ya posa, mvua ikinyesha.

Waziri alikuwa sokoni na Sabrina alikuwa kwa shangazi yake. Mariyamu alikuwa uani akitandaza turubai juu ya ndagala, dagaa wa ziwani, aliowaanika, na bibi amelala usingizi wa baada ya swala. Hakukuwa na kishindo. Ulikuwa mlio mzito na laini, kama gunia la mihogo iliyolowekwa likitupwa chini, na Mariyamu alidhani ni kwa jirani. Alipogeuka aliona, kupitia mlango wa uani, mwanga wa nje ukiingia pale ambapo haukupaswa kuingia.

Walichimba kwa mikono, yeye na majirani. Wakati wa kuchimba ndipo alipoujua ukuta wake. Vipande vya sima vilikuwa vizima, vigumu, rangi yake bado inang'aa. Nyuma yake hapakuwa na tofali. Palikuwa na uji wa udongo. Maji yaliyokuwa yakipumua nje kwa unga mweupe yalikuwa yamezibwa, hayakuwa na pa kutokea, yakapanda ndani kwa ndani mpaka juu ya kiuno. Ukuta ulikuwa umeoza ukiwa umevaa nguo mpya.

Bi Hadija alikuwa ameshakufa walipomfikia. Tasbihi ilikuwa mkononi.

Kwenye kilio watu walisema yale yanayosemwa, kwamba ni mipango ya Mungu, na kila aliposikia hivyo Mariyamu aliinamisha kichwa kwa sababu alijua ni mipango ya nani. Ernestina alikuja. Alisimama mbele yake bila kopo lake la rangi, macho mekundu.

"Mama, ningekwangua," alisema. "Nilitaka kukwangua, nikaona haya."

Msichana alikuwa anajilaumu. Mariyamu alifungua mdomo amwambie kwamba kosa si lake, lakini shangazi na majirani walikuwa wamekaa pande zote, wanasikiliza, akaishia kumshika mkono tu. Ernestina akaondoka na mzigo ambao haukuwa wake.

Upande wa wanaume, Waziri alikuwa amekwisha kutoa maelezo yake. Bati, alisema. Bati la zamani lilitoboka, maji yakaingia kwa juu yakakata ukuta. Alilisema mara nyingi mpaka likawa na sauti ya ukweli. Mariyamu alipopita na sinia la maji ya kunawa, alimsikia Mbaraka akimfariji.

"Pole sana, mukwe. Bati ni adui mubaya. Mimi nimeshabadilisha yangu yote. Na chini tumefanya kama vile ulitufundisha, sima na kahawia. Wale wa mradi walikuja na kwetu wiki iliyopita. Nikawaambia muendelee mbele, hapa iko kavu."

Mariyamu alisimama ghafla, maji yakamwagika kwenye miguu ya watu. Waziri akainua macho. Mke na mume walitazamana, na Mariyamu aliona kwamba ameelewa kila kitu, kama yeye. Kisha Waziri akatazama chini.

*

"Umwambie mukwe," alisema Mariyamu wageni walipokwisha kuondoka. "Yeye ni mwanaume mwenzako. Umwambie."

"Nimwambieje? Kwamba nilimuua mama yangu kwa rangi?" Waziri alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani yake bila kushona. Tangu maziko alikuwa hajashona kitu. "Na Sabrina? Watasema ni familia ya waongo. Watarudisha posa."

"Warudishe."

"Unasema hivyo leo."

"Nasema hivyo leo. Sikusema siku ile, na ona."

Waziri akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kichwa juu ya mashine, na Mariyamu alimpapasa mgongo kwa sababu ni mume wake na mama alikuwa mama yake. Lakini hakusema neno la kumfariji. Alitafuta moja moyoni, hakulipata.

Mariyamu alingoja siku kadhaa ili Waziri aende mwenyewe. Hakwenda. Mvua ikaendelea, na kila iliponyesha Mariyamu aliona nyumba ya Minago ambayo hakuwahi kuiona. Asubuhi moja akajifunga kanga mbili, akapanda kamioneti iliyokuwa inarudisha mapipa matupu ya mawese, akaketi kati ya mapipa mpaka Minago.

Walimpokea kama malkia. Mbaraka aliita watu wa mashine waje kumsalimu. Mkewe, Mama Abdoulkarim, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, alimletea chai ya maziwa na kijiko kwenye sahani, akasema, "Mama Sabrina, kabla hujakunywa uje uone! Tulitaka iwe siri, lakini umekuja mwenyewe."

Akamshika mkono hadi chumba cha pembeni. Mariyamu alikwenda na sahani na kikombe mkononi, hakujua aviweke wapi. Chumba kilikuwa kimesakafiwa upya. Kuta nyeupe juu, kahawia chini, mpaka kiunoni. Ukutani, kimesukumwa mpaka kimegusa, kilikuwa kitanda kipya cha mbao nzito, na juu yake godoro bado limo kwenye nailoni.

"Hapa ndipo mutoto wako atalala," alisema Mama Abdoulkarim.

Mariyamu alisogea karibu na kitanda. Juu ya mkanda wa kahawia, kwenye ule weupe, aliona kivuli cha unyevu, chembamba, kinaanza kupanda.

"Mama Abdoulkarim," alisema. "Wewe ndiye unafagia hapa. Huu ukuta unalowa?"

Kicheko kilimwisha mwenzake. Kabla ya kujibu aligeuza uso, akamtazama mume wake aliyekuwa amesimama mlangoni. Mariyamu aliijua namna ile ya kugeuza uso. Aliijua shingoni mwake mwenyewe.

"Hapana," akasema Mama Abdoulkarim. "Iko kavu."

Mariyamu akaweka kikombe sakafuni. Akachukua kijiko, akapiga magoti kando ya kitanda, akakwangua.

"Mukwe!" Mbaraka alipaza sauti. "Mukwe, unafanya nini? Rangi yangu!"

Mariyamu hakuacha kukwangua. Rangi ilitoka, kisha sima, ambayo Mbaraka alikuwa ameipaka nyembamba kwa kubana, ikavunjika kama ganda la yai. Nyuma yake udongo ulitoka wenyewe, mweusi, ukamjaa kiganjani. Akakunja ngumi. Maji yakachuruzika kati ya vidole vyake mpaka kwenye kiwiko, na wote watatu waliyaona.

"Bati letu halikutoboka," alisema, bado amepiga magoti. "Tuliwadanganya. Yule msichana aliniuliza kama vile nimekuuliza, nikamujibu kama vile umenijibu. Mama mukwe wangu alikuwa kitandani upande wa pili wa pazia, anasikia. Posa mukitaka kurudisha, murudishe. Lakini muwaite wale watu wa mradi. Leo."

Mbaraka alisogea karibu. Alitazama tundu lile ukutani, akatazama mkono wa Mariyamu, akatoka nje, na wakamsikia amesimama uani kwenye mvua nyepesi bila kwenda popote. Hasira ilikuwa inakuja, Mariyamu alijua, na maneno mazito pamoja nayo, na huenda Sabrina angeyalipa yote. Sabrina hakujua hata kwamba mama yake yuko Minago.

Ni Mama Abdoulkarim aliyesogea kwanza. Hakumtazama Mariyamu usoni. Alishika upande mmoja wa kitanda kipya, akavuta. Hakikwenda. Mariyamu akainuka, akajifuta mkono kwenye kanga, akashika upande wa pili. Walivuta pamoja, wakapumzika, wakavuta tena, miguu ya mbao ikikwaruza sakafu mpya, mpaka kikafika katikati ya chumba.

Kilikuwa kizito mno. Mariyamu alisimama akihema, mikono juu ya ule ubao, akakikumbuka kile cha kamba, jinsi kilivyokuwa chepesi, na jinsi alivyokisukuma kwa mkono mmoja.